Kambale Ishirini na Tisa

3 Septemba 2007, Jumatatu

Daftari hili nililinunua kwa maandalizi ya masomo. Kwenye jalada nimeandika kwa wino, vizuri kabisa: Kanyere, directrice, Shule ya Msingi ya Vusayi. Lakini mwalimu asiye na ubao ataandaa nini? Ukurasa mtupu huniudhi kuliko mwanafunzi mvivu, kwa hiyo nitaujaza kwa yale yanayotupata.

Shule yetu imekaliwa na wanajeshi. Walifika mwezi wa saba, watoto wakiwa likizoni, na kapteni wao Mardochée akamwambia chifu Syauswa kwamba ni wiki mbili tu. Leo mwaka wa masomo umeanza na bado wamo, wao na wake zao na watoto wao na kuku wao, katika madarasa yote sita. Sisi tumeingia kanisani. Darasa la kwanza liko mlangoni, la sita, ambalo ni langu, liko karibu na altare, na katikati sauti za walimu zinagongana. Saa nne mvua ilianguka juu ya mabati na hakuna aliyesikia neno. Tulikaa tukitazamana, watoto mia moja na tisini pamoja na sisi walimu. Nadhani nilisinzia macho yakiwa wazi, maana niliona shule yetu imeng'oka na inaelea polepole kwenye barabara ya Eringeti, na sisi tunaipungia mkono.

5 Septemba

Mvua. Tuliimba tu.

11 Septemba, Jumanne

Moshi wa asubuhi ulikuwa na harufu ya vernis, ile inayong'arisha mbao. Nilijua mara moja kwamba ni madawati yangu. Nilikwenda mpaka pale bila hata kuvaa viatu vizuri.

“Commandant, ile kuni munapikia ni mabanc ya batoto.”

“Nilibakatazaka, Maman Directrice. Mais mvua inaloweshaka kuni yote, na batoto banalia njala.”

“Na mutatoka siku gani?”

“Ordre ya kuingia nilipata. Ordre ya kutoka haiyafika.”

Alisema kwa upole, akaniletea kiti nikae. Kiti chenyewe kilikuwa changu, cha ofisini. Nilikikalia kwa hasira, nikakataa chai yake.

19 Septemba, Jumatano

Mkaguzi ametuma barua. Atakuja Jumatatu tarehe 3 Desemba. Akikuta watoto ndani ya madarasa, vizuri. Akikuta tungali kanisani, darasa la sita litafutwa hapa Vusayi na wanafunzi wataandikishwa Eringeti.

Eringeti ni kilomita tisa, na njia inapita msituni. Mwaka jana wasichana wawili walichukuliwa kwenye njia hiyo na watu wenye bunduki. Mmoja ndiye aliyerudi, na hasemi. Hakuna mzazi wa Vusayi atakayemtuma binti yake huko, na wazazi hao siwezi kuwalaumu, maana mimi ni mmoja wao. Nadège, mjukuu wangu, ana miaka kumi na miwili, na tangu mama yake alipofariki analala kitanda kimoja na mimi. Aliisoma barua ya mkaguzi begani mwangu.

“Koko, miye sitaenda Eringeti. Nitabaki kulima na weye.”

Alisema kama anayezungumzia hali ya hewa. Ndicho kilichoniumiza.

23 Septemba, Jumapili

Baada ya misa tulibaki kanisani, kijiji chote. Mmoja alisema twende kwa askofu, mwingine kwa gavana. Syauswa akasimama polepole, kichifu, akasema, “Mwaka jana tulipiga kura. Tulisimama mustari toka asubuhi. Ule tulichagua anafanya nini? Tumuandikie.”

Nikakabidhiwa barua. Nimeiandika leo leo, kurasa nne, kwa Kifaransa cha kuvaa Jumapili. Nimeanzia mwaka 1961, baba zetu walipochoma matofali ya kwanza ya shule. Nimetaja mvua, madawati, barabara, kisima, na maendeleo ya taifa. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Syauswa ana mwandiko wa karani, kwa hiyo aliandika yeye mwenyewe majina ya wote, mia moja arobaini na matatu, ili watu wasichafue karatasi kwa vidole vya shamba.

26 Septemba

Barua imeondoka kwa pikipiki kwenda Beni. Honorable wetu yuko Kinshasa kwenye bunge, ila amefungua bureau katika commune ya Beu. Niliitazama pikipiki mpaka ukungu ukaimeza.

2 Oktoba

Hakuna jibu. Mvua.

6 Oktoba

Hakuna jibu. Maharagwe yameota vizuri, angalau hayo.

9 Oktoba, Jumanne

Nimeota barua yangu imefika Kinshasa. Ilikuwa imevaa kitenge changu cha kijani. Ilipanda ngazi ndefu, moja baada ya nyingine, ikagonga mlango, na kila mlango uliofunguliwa ulikuwa na mvua ndani yake. Nimeamka nimechoka kama niliyepanda ngazi mwenyewe.

15 Oktoba, Jumatatu

Mke wa kapteni amekuja kanisani wakati wa hesabu. Anaitwa Audrey, ni mtu wa Kikwit, mbali upande wa magharibi, mrefu, na hujifunga kitambaa kichwani kana kwamba anakwenda harusini hata akiwa anachota maji. Alikuwa amemshika mkono binti yake wa miaka saba.

“Mama Directrice, huyu ni Plamedi. Kila siku anasikia batoto banaimba, anakataa kubaki kule. Anaweza kukaa nyuma? Hatafanya makelele.”

Nilitaka kumwambia kwamba kama angetaka binti yake asome, mumewe angetoka katika darasa langu. Maneno yalikuwa yamekwisha pangwa mdomoni. Lakini mtoto alikuwa ameshaketi chini, miguu ameikunja, na anatazama ubao mdogo ninaoutundika kwenye altare. Nikaendelea na hesabu. Sijamwambia Audrey ndiyo wala hapana, na nimebaki na hasira yangu bila mahali pa kuiweka.

19 Oktoba

Wiki ya nne bila jibu. Plamedi anajua mpaka herufi M.

22 Oktoba, Jumatatu

Nimekwenda Beni mwenyewe. Matope mpaka magotini, motari, mwenye pikipiki, anaapa njia nzima. Bureau ya Honorable huko Beu ni chumba kimoja nyuma ya duka la sabuni, na ndani yake alikuwemo kijana mwenye miwani, Valère, ambaye Honorable amemtuma kutoka Kinshasa miezi miwili iliyopita. Nilijitambulisha. Aliposikia jina Vusayi alivuta droo, akatoa barua yangu, nzima, kurasa zake nne na majina yake.

“Haikuenda?” nikauliza.

“Mama, pardon, Swahili yangu iko kidogo. Mais hii ni kazi ya mutu moja. Angalia weye mwenyewe. Nilihesabu. Kambale, makumi mbili na kenda. Kasereka, makumi mbili na ine. Masika, kumi na munane. Na écriture ya mukono ni moja. Nikituma hii Kinshasa, Honorable atasema ninamuletea signature ya uongo.”

Barua yangu ililala wiki nne kwenye droo, karibu na mswaki wa mtu, na mimi nikaiota inapanda ngazi. Nilitaka kulia. Badala yake nilianza kucheka, na nilipoanza sikuweza kujizuia, mpaka mwenye duka la sabuni akachungulia.

Nikamshika kijana vidole. “Angalia. Kwetu Banande, mutoto mwanaume wa pili ni Kambale. Wa tatu, Kasereka. Wa ine, Kakule. Binti wa kwanza, Masika. Katika nyumba yote ya Vusayi, ni vile vile.”

“Nyumba yote?”

“Yote.”

“Donc munabapambanua namna gani?”

“Tunabajua.”

Alivua miwani, akaifuta, akacheka naye. Kisha aliona haya, nami nikamwona kwa mara ya kwanza. Ni mtoto tu, yuko mbali na kwao, anajaribu kutodanganywa. Sisi wenyewe mia moja arobaini na watatu hatukuona kosa lolote katika orodha ile. Kila tuliposoma Kambale tulimwona Kambale.

Akaniambia namna. Honorable hupokea karatasi nyingi kila siku na husoma nusu ya ukurasa wa kwanza, kwa hiyo nusu hiyo ndiyo iseme yote. Tuombe jambo moja, si matano, na tarehe iwe juu. Badala ya orodha, kila mtu aandike barua yake, kwa mkono wake au kwa kidole gumba, na chini aweke namba ya kadi yake ya électeur, ile ya kupigia kura, ili Honorable aone kwamba anayelia ni mtu wa kura yake. Nilete kopi, naye atazigonga mhuri wa accusé de réception, ili siku moja mtu asije akasema hazikufika. Halafu yeye atazituma kwa ndege ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi atampigia Honorable simu kabla hajaingia kikaoni.

“Na ile page ine, mama,” akasema akinirudishia barua, “ni muzuri sana. Mais anza na shule. Mwaka wa 1961 Honorable hakuwa anazaliwa.”

24 Oktoba, Jumatano

Nimewaambia watu. Kwanza walicheka mpaka machozi, hasa akina Kambale. Kisha nilipotaja namba za kadi, kicheko kikakatika.

“Namba ni mutu mwenyewe,” alisema Jéthro, mkulima wa maharagwe. “Kama capitaine anakamata ile mabarua, atajua nani alimushitaki. Anakaa mita mia mbili na nyumba yangu.”

Alisema kweli. Tulisikia kuku wa wanajeshi. Syauswa akaingiza mkono shingoni, akatoa kadi yake ambayo huivaa ndani ya plastiki kwa kamba, akaiweka juu ya meza ya altare. “Muandike yangu ya kwanza,” akasema. Aliketi, na nikaona mguu wake unatetemeka chini ya meza. Nampenda zaidi tangu nilipouona mguu ule.

30 Oktoba, Jumanne

Barua kumi na tisa. Mama mzee Vagheni alininong'oneza yake, nikaandika kama alivyosema: “Honorable, nilikwenda kukupigia kura na mguu wangu mbaya. Wajukuu wangu watano wanasoma kanisani, na mvua ikianguka hawasikii kitu. Nakuomba utoe basoda mu shule mbele ya tarehe tatu Desemba.” Akabonyeza kidole gumba kwa nguvu kana kwamba anataka kitoboe mpaka Kinshasa.

Jéthro amekubali, ila anataka kuomba pia barabara, dawa na daraja. Nilimwambia achague. Amenuna.

2 Novemba

Yangu nimeandika mistari saba. Nilitoka jasho kuliko kwa zile kurasa nne. Siku nzima nilikuwa nafuta. Nadège akasema, “Koko, unafuta mpaka karatasi inaogopa.” Jéthro amechagua shule.

5 Novemba, Jumatatu

Butembo, kwa ajili ya kopi. Barua ni sitini na moja. Wengine wameogopa, na sikumsukuma mtu. Éphraïm, mdogo wangu mwenye depo huko, alinipokea, akazipeleka kwenye mashine ya rafiki yake. Nilikuwa nimesahau jinsi mji ule ulivyo juu na baridi. Saa tatu asubuhi ukungu ulikuwa bado barabarani. Pikipiki zilitoka ndani yake taa zikiwaka, zikarudi ndani yake, na wenye maduka walikuwa wanafungua milango bila kuonana. Nilisimama na kikombe cha chai nikisikiliza mashine ikivuta pumzi, barua moja, barua nyingine. Kwa muda sikukumbuka kwamba kuna vita mahali popote. Nilitamani kubaki ndani ya ukungu huo mpaka Desemba ipite.

“Dada, unalia?” Éphraïm akauliza.

“Ni baridi,” nikasema.

8 Novemba, Alhamisi

Beu. Valère alizisoma zote, moja moja, kwa sauti, Kiswahili chake kikijikwaa. Aligonga mhuri mara sitini na moja. Kwa barua ya mama Vagheni alisimama kidogo, akatazama alama ya kidole, kisha akagonga kwa uangalifu pembeni, isiguswe.

14 Novemba, Jumatano

Nitaandika yote.

Saa mbili asubuhi Syauswa alishuka kutoka kilimani: Valère amempigia simu na kusema Honorable mwenyewe anataka kuongea na directrice. Réseau ya simu hushika tu juu ya kilima nyuma ya kanisa. Niliwaacha watoto, nikapanda na chifu mbio, mvua nyembamba, majani yanateleza. Nilikuwa na karatasi yangu mkononi, imeandikwa mambo matatu: jina la shule, madarasa mangapi, siku ya mkaguzi. Chini yetu Vusayi haikuonekana, nyeupe tupu, na nilikuwa nimeshika simu sikioni kama mtu anayengoja kuitwa kutoka mbinguni.

Ililia. Sauti ilikuwa nyembamba na ya haraka, lakini ilisema Kiswahili cha kwetu.

“Mama Kanyere? Nilisoma mabarua. Yote. Madarasa ngapi?”

“Sita, Honorable.”

“Mukaguzi anakuya siku gani?”

“Tarehe tatu, mwezi wa kumi na mbili.”

“Ni vizuri. Nitaongea na mukubwa wa basoda leo, na nitaacha barua kwa ministre. Na bale basoda, baende wapi?”

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Nilitazama chini, kwenye weupe ule.

“Popote, Honorable,” nikasema. “Baende tu popote.”

“Sawa, mama. Wasingya.”

Alinishukuru kwa Kinande, mtu mkubwa kama huyo. Nikashuka nikikimbia na kuteleza, nikacheka, nikamkumbatia Syauswa, jambo ambalo directrice hafanyi. Nina furaha. Naandika tena: nina furaha.

18 Novemba

Hakuna jipya. Plamedi anasoma jina lake.

20 Novemba, Jumanne

Mardochée amenikuta kisimani.

“Mama Directrice, nilisikia munaandika.”

Sikukana. Miaka yangu haifai tena kwa uongo. “Ndiyo. Tuliandika.”

Alijaza kidumu chake taratibu. Kisha akajaza na changu. “Siwezi kukasirika. Nyinyi muko na Honorable. Siye tuko na ordre tu. Mutu akitaka kusema kitu, anamuambia mukubwa, na mukubwa anasema nyamaza.” Akabeba kidumu changu mpaka mlangoni kwangu. Nimekaa jioni yote nikimfikiria, na haikunifurahisha. Adui mwenye adabu ni kazi nzito.

25 Novemba, Jumapili

Ordre imefika. Wanaondoka kesho.

26 Novemba, Jumatatu

Malori mawili, alfajiri, ukungu mzito. Wanaume walipanda. Nilikuwa nimesimama na walimu wenzangu ukingoni mwa uwanja tukijitahidi tusionekane tunashangilia. Nilitazamia wanawake nao wapande na masufuria yao. Hawakupanda. Lori la kwanza likawaka, la pili likawaka, na kapteni akasimama nyuma ya la pili akimtazama mke wake, bila kupunga mkono. Malori hayakugeuka kaskazini kuelekea Ituri. Yalishika njia ya kusini, Beni, Butembo, na mbele zaidi.

“Banaenda wapi?” nikamuuliza Audrey.

“Masisi,” akasema. “Kwa vita.”

Alisema kisha akaanza kutoa vitu vyake darasani kabla hatujamwambia. Vyombo, godoro, kuku watatu. Wanawake kumi na wanne na watoto wao wamefunga mahema ya plastiki kando ya uwanja. Mvua imeanza saa tano. Tumeshinda, na nimerudi nyumbani nikajifunika shuka mchana kweupe.

28 Novemba, Jumatano

Kufagia, kupiga maji, kupaka chokaa. Madawati yaliyobaki ni thelathini na moja kati ya tisini na sita. Wanaume wamepasua mbao usiku na mchana, hata wale ambao hawakuandika barua. Wao ndio waliofanya kazi zaidi. Katika darasa la sita, ukutani, kuna herufi za makaa kutoka A mpaka M. Wa chokaa alipofika pale nilimwambia apitilize.

3 Desemba, Jumatatu

Mkaguzi alikuja saa tatu. Aliingia kila darasa, akahesabu, akagusa ubao kwa kidole, akatazama juu kutafuta tundu. Mvua ikaanguka, na mimi nilikuwa nasoma imla. Kila mtoto alinisikia. Aliandika kwenye karatasi yake kwamba darasa la sita la Vusayi linabaki Vusayi, akatia sahihi, akala kuku, akaondoka.

Nadège alirudi kwenye dawati lake baada ya wenzake kutoka, akakaa, mikono juu ya mbao, muda mrefu. Nilimtazama kutoka mlangoni. Nimeshukuru Mungu kwa sauti, nikamshukuru Honorable, na Valère, na mguu wa Syauswa.

6 Desemba, Alhamisi

Redio inasema mapigano makali Masisi, askari wengi wameanguka, wengine wamekimbia. Hakuna majina. Wanawake wa mahema wamezunguka redio moja, wanaisogeza huku na huku kutafuta sauti, na ikikoroma wanaitazama tu. Plamedi yuko darasa la kwanza, mstari wa mbele. Anauliza kila kitu isipokuwa hicho.

7 Desemba

Sikulala vizuri. Mvua.

9 Desemba, Jumapili

Baada ya misa Audrey alikuja kwangu. Kitambaa chake kilikuwa kimefungwa vizuri kama siku zote. Hakutaka kukaa.

“Mama Directrice, Honorable banamuandikiaka namna gani?”

Nilikuwa na jibu, Valère amenifundisha vizuri. Lakini kabla ya jibu kulikuwa na jambo lingine, na nilijua kwamba nisipolisema sasa sitalisema kamwe.

“Audrey, ni miye nilizungumuza naye mu telefone. Aliniuliza, basoda baende wapi. Sikuwaza. Nilijibu, popote.”

Alinitazama. Nadège alikuwa anamenya mihogo nje na nilisikia kila pigo la kisu. Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya na matusi.

“Donc anakujua,” akasema. “Akiona jina yako, atasoma.”

“Atasoma.”

“Miye carte yangu ni ya Kikwit. Siko mutu ya kura yake. Na yangu atasoma?”

“Sijue,” nikasema, na ndiyo kweli.

Tulikwenda shuleni. Nilifungua darasa la sita, akaketi kwenye dawati la kwanza, magoti yake hayaingii chini. Nje ukungu ulikuwa umefika madirishani na mahema hayakuonekana. Nilimpa karatasi iliyobaki ya Éphraïm. Nikamwambia aweke tarehe juu, aseme yeye ni nani, aombe jambo moja. Akaniuliza kama aandike Kifaransa. Nikamwambia aandike kwa lugha atakayoomba nayo msaada akianguka njiani.

Aliandika kwa mkono wa polepole, ulimi katikati ya meno, kama mtoto. Hakufuta hata neno moja. Kisha alinigeuzia karatasi nisahihishe:

“Honorable, siko mutu ya kura yako. Bwana yangu, capitaine Mardochée, alilala mu shule ya Vusayi miezi ine. Balibatoa, bakamutuma Masisi. Ninaomba unijulishe kama angali muzima.”

Nilisoma mara mbili. Sikusahihisha kitu. Nilichukua kalamu, na chini ya jina lake, mahali ambapo namba inapaswa kuwa, nikaandika ya kadi yangu, na jina langu kamili, nikabonyeza na kidole gumba, ingawa ninajua kuandika.